Mkopo kwa hasimu: namna ya kuufanya uwe wa kweli kwenye Football Manager

Ukiicheza Football Manager, gemu ya kuongoza klabu ya soka, misimu kadhaa mfululizo, ipo siku utafungua orodha ya usajili ukute kijana bora wa akademi ya Manchester United amekwenda Liverpool kwa mkopo wa msimu mzima, na dunia nzima ya gemu imekaa kimya. Uhondo wa sevu yako, yaani mchezo uliouhifadhi, huanza kuvuja hapo. Kwenye soka lenyewe, klabu hizo mbili hazijauziana mchezaji moja kwa moja tangu 1964, Phil Chisnall alipotoka United kwenda Liverpool. Mwaka 2007 Gabriel Heinze alitaka kuvuka upande huohuo. United walikataa, shauri likafika kwenye jopo la Premier League, United wakashinda, na Heinze akaishia Real Madrid.

Pamoja na hayo, usikimbilie kufuta mikopo yote kati ya wapinzani. Tarehe 30 Agosti 2024, siku ya mwisho ya dirisha la usajili, Chelsea walimpeleka Raheem Sterling kwa Arsenal. Ni klabu mbili za jiji moja zinazogombea nafasi za juu, na mkopo ukapita. Mkopo kwa hasimu upo, ila siku zote una sababu inayoelezeka kwa sentensi moja, na una bei. Gemu ikikuletea mkopo usio na sababu wala bei, kazi ya kuviweka ni yako.

Wapange mahasimu kwa madaraja

Kabla ya mechi ya kwanza ya msimu, fungua ukurasa wa taarifa za klabu yako uone gemu inawahesabu akina nani kuwa mahasimu. Chukua karatasi uwagawe mara tatu.

Daraja la kwanza ni wale ambao hakuna mkopo wala mauzo: Liverpool na Manchester United, Arsenal na Tottenham, Celtic na Rangers, Barcelona na Real Madrid. Mchezaji akivuka hapo, karibu kila mara anavuka kwa mkataba kuisha. Sol Campbell alitoka Tottenham kwenda Arsenal 2001 akiwa huru. Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji hata kwenda London kutafuta mfano: Clatous Chama alitua Yanga Julai 2024 baada ya mkataba wake na Simba kumalizika. Kwa hiyo kwenye sevu yako, mchezaji akitamani kwenda kwa mtani wa jadi, mwache amalize mkataba ndipo asaini. Mkopo hapana.

Daraja la pili ni wapinzani wa nafasi za juu, wanaochukiana lakini wanafanya biashara: Chelsea na Arsenal, Atlético Madrid na Barcelona, Juventus na AC Milan. Hapa mkopo unaruhusiwa kwa mchezaji aliyekomaa ambaye klabu mama, yaani inayommiliki, haimhitaji.

Daraja la tatu ni jirani asiyegombea kitu kimoja nawe. Conor Gallagher alikwenda Crystal Palace akitokea Chelsea msimu wa 2021/22, akafunga mabao 8 ya ligi, na Chelsea hawakuwa na hofu ya kupitwa na Palace kwenye msimamo. Vijana wako wapeleke huku.

Karatasi hiyo iangalie upya kila Julai. Palace wa kwenye sevu yako wakimaliza wa 3, wamepanda hadi daraja la pili, na kijana wako hatakiwi kurudi kwao.

Tafuta sababu kabla ya kugusa kitufe

Mkopo wa Sterling ufanye kipimo chako. Alikuwa na miaka 29, mshahara wake ulikuwa mzito, kocha mpya Enzo Maresca alimwacha nje ya kikosi cha mechi ya kwanza dhidi ya Manchester City, na jezi yake namba 7 alipewa Pedro Neto. Dirisha lilikuwa linafungwa. Msimu uliotangulia alikuwa amecheza mechi nyingi tu za ligi, kwa hiyo ukipima dakika za msimu uliopita peke yake utamkosa. Kilichobadilika ni kocha.

Kutokana na hilo, kwa mkopo wa daraja la pili dai mambo matatu kati ya haya manne yatimie: mchezaji ana miaka 24 au zaidi, hadhi yake kikosini imeshuka hadi akiba au ziada, mshahara wake ni miongoni mwa mitano mikubwa ya klabu mama, na ofa imekuja ndani ya siku 10 za mwisho za dirisha. Yakitimia mawili tu, kataa, hata kama namba za ofa ni tamu.

Kipimo kilekile kinafanya kazi Januari. Marcus Rashford wa Manchester United alicheza mechi yake ya mwisho chini ya kocha Ruben Amorim Desemba 2024, akakaa nje wiki kadhaa, kisha Februari mosi na ya pili mipango ikakamilika akaenda Aston Villa. Ukimwona mchezaji wa aina hiyo kwenye gemu, ameachwa mechi saba au nane za ligi bila kuumia, sababu ipo.

Kijana wa miaka 19 mwenye nyota nyingi za uwezo wa baadaye hapelekwi daraja la pili kabisa. Hakuna mkurugenzi wa michezo mwenye akili timamu anayemkuzia mpinzani wake straika, na ikiwa benchi lako la ufundi linakushauri hivyo ni kwa sababu linahesabu dakika za kucheza tu.

Masharti kwenye meza ya mazungumzo

Anza na mshahara. Chukua mchezaji wa ziada anayelipwa pauni 200,000 kwa wiki, mkopo kuanzia Septemba mosi hadi mwisho wa Mei, yaani wiki 39. Hasimu akichukua asilimia 45, analipa 90,000 kwa wiki, jumla 3,510,000. Klabu mama inabaki na 110,000 kwa wiki, jumla 4,290,000. Ni kiasi kikubwa kwa mchezaji anayevaa jezi ya mwingine, lakini bila mkopo ungelipa 7,800,000 akiwa jukwaani. Kwa mchezaji wa ziada, mgawanyo wa asilimia 40 hadi 60 unafanana na maisha halisi. Kwa kijana anayekwenda daraja la tatu, mkopaji, yaani klabu inayomchukua, alipe asilimia 75 hadi 100, maana mshahara wenyewe ni mdogo na dakika ndizo unazozitafuta. Timu ya kompyuta ikikuomba mchezaji wa kikosi cha kwanza kwa asilimia 0, usijibu kwa kupandisha kidogokidogo. Kataa moja kwa moja.

Kisha ada. Gemu inahesabu ada ya mkopo kwa mwezi, na hapo wengi hupotea, kwa sababu magazeti hutaja jumla. Gonzalo Higuaín alipotoka Juventus kwenda AC Milan kwa mkopo wa 2018/19, ada ilikuwa euro milioni 18, na kipengele cha kumnunua kilikuwa milioni 36. Ukitaka kuiga mkopo kama huo, gawanya 18 kwa miezi 10: milioni 1.8 kwa mwezi. Hiyo ni ada ya straika ambaye wote wawili wanajua bado anafunga. Kwa mchezaji wa aina ya Sterling wa wakati ule, acha ada iwe sifuri na ubishane kwenye mshahara.

Kipengele cha kununua kinahitaji tahadhari zaidi ya vyote. Kwa hasimu, usiweke hiari ya kununua kwa bei ya chini eti kwa sababu mchezaji amekuudhi. Ama usiweke kabisa, kama Chelsea walivyofanya kwa Sterling, ama weka bei inayoumiza, kama euro milioni 40 za Antoine Griezmann alipotoka Barcelona kurudi Atlético 2021. Mkopo ule ni darasa. Ununuzi ulikuwa wa lazima endapo angecheza idadi fulani ya mechi kwa dakika 45 au zaidi. Msimu wa 2022/23 ulipoanza, kocha wa Atlético, Diego Simeone, akawa anamwingiza karibu na dakika ya 60, mechi baada ya mechi. Oktoba klabu zikakaa chini upya, na Griezmann akauzwa kwa bei ya chini sana kuliko ile ya awali.

Ukiwa wewe ndiye klabu mama, sharti linalofungwa na idadi ya mechi linampa mkopaji nafasi ya kufanya hivyohivyo, kwa hiyo chagua sharti asiloweza kulichezea bila kujiumiza, kama vile kumaliza juu ya nafasi fulani. Hata hilo lina mlango. Jadon Sancho alitoka Manchester United kwenda Chelsea 2024/25 kwa sharti la kununuliwa, Chelsea wakamaliza wa 4, kisha wakalipa fidia ya pauni milioni 5 wakamrudisha. Kwenye gemu ununuzi wa lazima haurudi nyuma kwa fidia. Ukitaka uhalisia, tumia hiari ya kununua na uongeze ada ya mkopo kwa kiasi kile cha fidia.

Hadhi ya kucheza iandike kwa ukweli. Mchezaji wa ziada kwenda kwa hasimu mkubwa ni mchezaji wa kikosi, hawi nyota wa timu. Ukimpa hadhi ya juu mno, atalalamika ifikapo Novemba na mkopo utaharibika kwa sababu uliyoitengeneza mwenyewe. Pale gemu inapokuruhusu kutenganisha kiasi anacholipa mkopaji mchezaji akicheza na asipocheza, kwa hasimu weka kiasi cha asipocheza kiwe kikubwa. Hapo hamsajili ili kumweka benchi tu.

Haki ya kumrudisha mchezaji mapema iwekee mpaka wako mwenyewe: Januari tu. Kumrudisha Oktoba kwa sababu winga wako ameumia mguu kunampa klabu mama bima ya bure ambayo hasimu asingeisaini.

Mechi dhidi ya klabu mama

Sehemu hii ndiyo inayoharibiwa zaidi, kwa kuwa kila nchi ina desturi yake na kitufe ni kimoja.

Uingereza, mchezaji aliyekopwa kati ya klabu za Premier League haruhusiwi kucheza dhidi ya klabu mama kwenye ligi. Hiyo ni kanuni, haijadiliwi. Kwenye Kombe la FA klabu mama inaweza kutoa ruhusa, na inaweza kuinyima. Aprili 2022 Palace walikutana na Chelsea nusu fainali Wembley, wakaomba ruhusa ya kumtumia Gallagher, Chelsea wakakataa, na wakashinda 2-0. Kwa hiyo kwa mikopo ya Uingereza acha kisanduku cha kucheza dhidi ya klabu mama bila alama. Ukifika nusu fainali usitamani kukibadilisha.

Italia na Hispania mambo hayafanani na hayo. Novemba 11, 2018 Higuaín aliivaa Juventus akiwa na jezi ya Milan. Juventus wakiwa mbele 1-0 alipiga penalti, kipa Wojciech Szczęsny akaigusa ikaenda kwenye mwamba, na kabla mechi haijaisha akatolewa kwa kadi nyekundu. Juventus walishinda 2-0. Desemba 3, 2023 João Félix, aliyekuwa Barcelona kwa mkopo kutoka Atlético, aliifunga Atlético bao pekee la mechi. Ukiongoza klabu ya Serie A au La Liga, weka alama kwenye kisanduku hicho mara nyingi, kwa sababu mechi za namna hiyo ndizo zinazofanya msimu ukumbukwe.

Ulaya, UEFA ilishatoa msimamo Aprili 2014. Chelsea walikuwa na mkataba uliotaka Atlético walipie kumchezesha dhidi yao Thibaut Courtois, kipa wa Chelsea aliyekuwa Atlético kwa mkopo. UEFA ikasema kipengele cha namna hiyo hakina nguvu. Courtois alidaka mechi zote mbili za nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, na Atlético wakashinda 3-1 kwenye uwanja wa Chelsea, Stamford Bridge. Miaka kumi kabla, Fernando Morientes, mali ya Real Madrid, aliifunga Madrid nyumbani na ugenini akiwa na Monaco, na Madrid wakatolewa robo fainali. Gemu ikikuuliza kuhusu Ulaya, jibu ni acha acheze.

Kumbuka pia faida iliyojificha ndani ya kanuni ya Uingereza. Mchezaji wako akiwa kwenye timu ya katikati ya msimamo, anawaumiza wapinzani wako wote isipokuwa wewe. Romelu Lukaku wa Chelsea alifunga mabao 17 ya ligi akiwa West Brom 2012/13, matatu kati yake dhidi ya Manchester United kwenye sare ya 5-5, mechi ya mwisho ya kocha wa United, Alex Ferguson. Msimu uliofuata akiwa Everton alifunga mawili dhidi ya Liverpool kwenye 3-3. Hii ni sababu halali ya kumkopesha straika mzuri ndani ya ligi, na ni ya kweli kabisa. Iandike kwenye karatasi yako.

Idadi

Klabu ya Premier League haiwezi kuwa na zaidi ya wachezaji 2 wa mkopo kutoka klabu nyingine za ligi hiyo kwa wakati mmoja, wala zaidi ya 4 kwa msimu, na kutoka klabu moja ni 1 tu kwa wakati. Arsenal walipomchukua Sterling walimchukua pia kipa Neto kutoka Bournemouth, nafasi zikajaa. Kwa mikopo ya kimataifa, kanuni za FIFA zilizoanza Julai 2022 zilishuka kutoka 8 hadi 7 hadi 6 wanaoingia na 6 wanaotoka, na zinawaacha nje ya hesabu wachezaji wa miaka 21 kushuka waliolelewa na klabu. Kumkopesha tena mchezaji uliyemkopa hakuruhusiwi. Kanuni za ligi yako zisome kwenye ukurasa wa mashindano. Ukitumia hifadhidata ya ligi iliyotengenezwa na wachezaji wenzako, kama zile za ligi za Afrika Mashariki, kanuni hizi mara nyingi hazimo, na itabidi uzishike mwenyewe.

Kuzizuia timu za kompyuta zisikopeshane ovyo

Maamuzi yako unayamiliki. Tatizo ni klabu mbili usizoziongoza. Gemu huona mchezaji wa ziada upande mmoja na pengo upande wa pili, ikaunganisha. Uhasama unahesabiwa pale tu ulipoandikwa kwenye hifadhidata, kwa hiyo anzia hapo.

Wenye gemu ya kompyuta kupitia Steam wanapata kihariri cha kabla ya mchezo, programu ya kubadili data za gemu, bure, kwenye orodha ya zana. Kifungue, pakia hifadhidata, tafuta klabu, nenda sehemu ya mahasimu, ongeza klabu inayokosekana na kiwango cha uhasama. Kisha fungua klabu ya pili ufanye vilevile, kwa sababu kila klabu ina orodha yake. Ukiandika upande mmoja tu, Everton watawanunia Liverpool huku Liverpool wakiwaona Everton kama klabu yoyote. Hifadhi faili kwenye folda ya data za kihariri ndani ya folda ya Sports Interactive, watengenezaji wa gemu. Anzisha sevu mpya na uhakikishe faili limewekewa alama kabla ya kuendelea. Sevu inayoendelea haitabadilika, na huko ndiko wengi wanakodhani kihariri kimegoma. Usipakie mafaili mawili yanayogusa klabu ileile: moja linaweza kufuta mabadiliko ya mwenzake.

Uhasama ukiongezwa, mikopo hiyo hupungua, haiishi. Kwa iliyobaki, hifadhi sevu yako siku 3 kabla ya dirisha kufungwa. Ukiona ofa kati ya klabu mbili za daraja la kwanza, ongeza kocha wa pili kwenye sevu, mweke kwenye klabu mama, kataa ofa, kisha mwondoe. Ukimweka kocha wa kibinadamu anachukua nafasi ya kocha aliyepo, kwa hiyo tumia njia hii kwa mkopo unaovunja sevu nzima tu, usiifanye mazoea. Ukiwa na kihariri cha ndani ya mchezo, kinachouzwa peke yake, kumrejesha mchezaji kwa klabu mama ni rahisi na kocha hasumbuliwi.

Makosa yanayojirudia

La kwanza ni majukumu ya benchi. Ukimwachia msaidizi au msimamizi wa mikopo kazi ya kutafuta na kukubali, atakubali ofa ya Tottenham kwa kijana wako wa Arsenal, kwa kuwa Tottenham wameahidi dakika. Mwachie kutafuta, kukubali baki nako mwenyewe. Utairekebisha kwenye ukurasa wa majukumu ya watumishi.

La pili ni kumtangaza mchezaji kwa klabu zote kwa pamoja. Tangazo halichagui. Usikubali ofa ya kwanza inayoingia, subiri siku 2 au 3, futa za mahasimu wa daraja la kwanza, kisha linganisha zilizobaki.

La tatu ni kumkopa nyota wa hasimu ili kumdhoofisha. Gemu wakati mwingine inakubali, hasa klabu hiyo ikiwa na mzigo wa mishahara. Pitisha ofa yako kwenye yale mambo manne kana kwamba wewe ndiwe mwenye mchezaji. Isipopita, ifute kabla haijajibiwa.